Goma: Mawe ya Nyiragongo yageuka njia za bustani, lakini kazi inaanzia chini ya jiwe

Mvua kubwa ikinyesha Goma kwa saa moja, kila kiwanja kinaonyesha vile kilivyotengenezwa. Kwenye mwamba mtupu, maji yanapotelea ndani ya nyufa. Lakini pale ambapo mwenyeji amemwaga udongo mweusi ili apande maua, mboga ao ndizi, matope yanafuata viatu vya watoto mpaka sebuleni. Mama aliyebeba bidoni ya maji anatafuta pa kukanyaga, na mzee anayetembea kwa fimbo anabaki ndani mpaka jua litoke.

Dawa ya shida hiyo iko mlangoni. Mji wa Goma umekaa juu ya mawe yaliyotoka kwenye volkano, na wakaaji wake wanayatumia kila siku kwa misingi ya nyumba na kuta za viwanja. Njia ya ndani, ile inayotoka kwenye mlango mkubwa mpaka barazani, jikoni, kwenye sitene na bustanini, mara nyingi inakuja mwishoni. Inapangwa kwa mawe yaliyobaki, bila kamba na bila kipimo. Msimu wa pili wa mvua ukifika, mawe yanaanza kucheza, moja limezama, lingine limeinuka, na njia iliyopaswa kumlinda mtu inamwangusha.

Tofauti kati ya njia inayodumu na ile inayoharibika haitokani na uzuri wa jiwe. Inatokana na vile maji yanavyopita, na kile kilichowekwa chini kabla ya jiwe.

Mawe yaliyofika yenyewe

Volkano Nyiragongo, yenye urefu wa mita karibu 3.470, iko kaskazini mwa Goma, mwendo wa kilomita chini ya 20. Ililipuka tarehe 10 Januari 1977, tena tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Mwaka wa 2002 moto wake ulikata katikati ya mji, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege na kufika mpaka ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Waliporudi, wengi walikuta nyumba na barabara vimelala chini ya mwamba mweusi uliokuwa bado na joto.

Mji ulijengwa tena juu ya mwamba huo huo. Mwamba uliomeza nyumba ulivunjwa kwa nyundo na mtaimbo, ukawa ukuta wa nyumba mpya. Mtu anayeweka njia ya mawe Goma leo anatumia mali ambayo ilikuja kama msiba.

Moto wa Nyiragongo unajulikana ulimwenguni kwa kukimbia sana, kwa sababu una silika kidogo na ni mwepesi kama uji. Unapopoa, unaacha mawe ya namna mbalimbali mahali pamoja. Juu kunapatikana ganda lenye matundu mengi, wakati mwingine lenye mikunjo kama kamba zilizolazwa pamoja. Ndani zaidi, pale moto ulipopoa polepole, jiwe ni zito na limeshikana. Kuna pia vipande vidogo vyepesi, vyeusi ao vyekundu, ambavyo volkano za eneo hili zilivirusha hewani. Watu wa Goma wanavijua kama mchanga wa volkano.

Kila namna ina kazi yake kwenye njia. Jiwe zito la ndani linafaa pembeni na kwenye ngazi. Ganda lenye uso ulionyooka linafaa kukanyagwa, kwani matundu yake yanashika soli ya kiatu hata wakati wa mvua. Vipande vidogo vinafaa kulala chini ya mawe, maana vinapitisha maji haraka. Hatari ya jiwe lenye matundu ni makali yake: mtoto anayekimbia miguu wazi anaweza kujikata. Ndiyo sababu mafundi wazuri wanapitisha nyundo kwenye kingo zote za juu kabla ya kulaza jiwe, mpaka mkono upite bila kukwaruzwa.

Kwanza kuangalia watu wanapopita

Kazi ya kwanza haihitaji beleshi wala senti. Mwenye kiwanja anaangalia kwa wiki moja ao mbili vile watu wa nyumbani wanavyotembea. Nyasi zilizokufa na udongo uliokanyagwa vinaonyesha njia ya kweli. Mtu anayetoka sokoni na mzigo hafuati mzunguko uliochorwa ili upendeze, anakata pembe. Njia ya mawe ikiwekwa kando ya njia ya kweli, itabaki safi na bila kazi, na maua yatazidi kukanyagwa.

Kiisha inafuata kamba. Vijiti vinachomekwa kwenye mstari uliochaguliwa, kamba inafungwa pande zote mbili, na familia inatembea ndani yake siku chache. Mwenye toroli apite nalo. Mwenye bidoni mikono miwili apite nazo. Kama mtu anagusa kamba, njia ni nyembamba.

Vipimo vinavyofaa ni rahisi kukumbuka. Njia kubwa ya kutoka mlangoni mpaka nyumbani inahitaji upana wa sentimita 120, ili watu wawili wapishane. Njia ya jikoni ao ya sitene, anapopita mtu mmoja na mzigo, inaridhika na sentimita 90. Kati ya matuta ya mboga, sentimita 60 zinatosha.

Mashariki mwa Congo, ambapo vita vya miaka mingi vimeacha watu wengi wanaotembea kwa magongo ao kwa kigari cha mikono, vipimo hivyo vina uzito. Kigari hakipiti kwenye sentimita 60, na gongo linaingia kwenye nafasi iliyo wazi kati ya mawe mawili. Nyumba yenye mtu kama huyo, ao yenye mzee, inahitaji njia iliyojaa, yenye nafasi ndogo kati ya mawe, na mzunguko mpana badala ya kona kali.

Namna ingine ni kulaza mawe mojamoja ndani ya nyasi, kila jiwe kwa hatua moja. Inakula mawe machache na inapendeza, lakini inafaa tu pale ambapo watu hawapiti sana. Kipimo kinatoka kwenye miguu ya wenye nyumba: kutoka katikati ya jiwe moja mpaka katikati ya lingine, sentimita 60 kwa mtu mzima, pungufu kidogo kama wazee na watoto ndio wanaopita. Jiwe lenyewe liwe na angalau sentimita 35 kila upande, mguu mzima uingie.

Maji yapewe njia yake

Kosa linaloharibu njia nyingi ni kuilaza sawasawa kama meza. Maji yanasimama juu, yanaleta ukungu wa kijani, na jiwe lililokuwa salama linageuka sabuni. Njia lazima iinamie upande mmoja, sentimita 2 kwa kila mita ya upana. Kwa njia ya sentimita 120, upande mmoja unakuwa chini kwa karibu sentimita 2 na nusu. Mtu anayetembea haoni tofauti hiyo, ila maji yanaifuata. Upande wa chini uelekee bustani, kamwe usielekee ukuta wa nyumba.

Mwinuko wa urefu pia unapimwa. Mafundi wengi hawana chombo cha bei, wanatumia mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani: maji ya pande mbili yanasimama kwenye usawa mmoja hata kama mpira una mita 20. Kama kiwanja kinashuka mita 1 na nusu kwenye urefu wa mita 20, njia inaweza kuenda bila ngazi. Kikishuka mita 3 kwenye urefu huo huo, ngazi zinahitajika, kwa sababu mguu utateleza na changarawe itakimbia na maji.

Kwa ngazi, mafundi waliofunzwa kwa Kifaransa wanajua kanuni ya Blondel, msanifu majengo wa Ufaransa wa karne ya 17. Urefu wa ngazi ukihesabiwa mara mbili, na kuongezwa upana wa pa kukanyaga, jumla iwe kati ya sentimita 60 na 64. Ngazi yenye urefu wa sentimita 15 inahitaji pa kukanyaga sentimita 30 hadi 34. Bustanini, ambapo hakuna haraka, ngazi ya sentimita 12 yenye pa kukanyaga sentimita 38 inapumzisha magoti zaidi. Jambo kubwa ni moja: ngazi zote zilingane. Mguu unazoea kipimo baada ya ngazi ya pili, na ngazi moja iliyo tofauti ndiyo inayomwangusha mtu usiku, hasa mji ukiwa gizani.

Kuchagua, kuchimba, kupanga

Fundi anayenunua mawe hasikilizi maneno ya muuzaji peke yake, anasikiliza jiwe pia. Anagonga kwa nyundo ndogo: sauti kali inayolia ni ya jiwe zima, sauti iliyokufa inaficha ufa. Anatafuta upande mmoja ulionyooka na unene wa sentimita 8 hivi. Jiwe jembamba kuliko sentimita 5 linavunjika likipitiwa na toroli lililojaa. Mawe ya kukanyagwa yasitofautiane sana kwa unene, la sivyo kila moja litadai shimo lake.

Kisha udongo wa juu unaondolewa. Huo ndio udongo mzuri, wenye mizizi na mbolea, na hautakiwi kutupwa: unapelekwa kwenye matuta ya mboga. Chini ya njia unaleta hasara, maana unavimba ukilowa na kushuka ukikauka. Kina cha kuchimba ni sentimita 20 ao zaidi kidogo: 10 za changarawe, 4 za mchanga, na zinazobaki kwa unene wa jiwe. Goma ina bahati yake hapa. Katika viwanja vingi mwamba uko karibu sana, na kazi inakuwa tu kusawazisha mashimo kwa vipande vya volkano.

Changarawe inashindiliwa kwa tabaka mbili, sio kwa mara moja. Gogo zito lenye mikono miwili linatosha, mradi mtu asichoke mapema. Kipimo ni kisigino: mtu mzima akikanyaga kwa nguvu na kisigino kisiache alama, tabaka limeshika. Juu yake unawekwa mchanga, unasawazishwa kwa ubao ulionyooka, na haukanyagwi tena.

Kupanga kunaanza pembeni. Mawe makubwa na mazito yanatangulia kwenye kingo zote mbili na kwenye miisho ya njia, kwa sababu ndiyo yanayozuia mengine yasikimbie. Ya kati yanafuata. Nafasi kati ya jiwe na jiwe iwe sentimita 1 hadi 2. Pembe nne zisikutane mahali pamoja, na mstari wa nafasi usiende mrefu kufuata njia, kwani maji yanaugeuza mfereji na mguu unaufuata. Vipande vidogo haviwekwi pembeni, nafasi yao ni katikati, vikiwa vimebanwa na vikubwa.

Kila jiwe linajaribiwa kabla ya kufikia linalofuata. Fundi anasimama juu yake, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Likicheza, linainuliwa, mchanga unaongezwa ao kupunguzwa, linagongwa kwa nyundo ya mti. Kuweka kijiwe chini ya pembe ili lisimame ni kudanganya: kijiwe hicho kitasogea, na jiwe litavunjika hapo hapo.

Saruji ao mchanga?

Wenye viwanja wengi wanadhani kwamba njia bila sima si njia. Mjini Goma hoja hiyo ina upungufu. Baada ya mlipuko wa Mei 2021, matetemeko yalitikisa mji siku nyingi na kupasua barabara na kuta. Saruji haijui kujikunja. Ikipasuka, maji yanaingia chini na kuondoa mchanga, na ukarabati unadai kuvunja yote. Njia ya mawe yaliyolazwa kwenye mchanga inasogea kidogo na ardhi, na jiwe lililozama linainuliwa na kulazwa tena kwa nusu saa.

Saruji ina pahali pake: kwenye ngazi, kwenye kingo za mteremko, na mbele ya mlango wa jikoni ambapo maji yanamwagwa kila siku. Hapo kipimo cha ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu ao nne za mchanga kinatosha, na kazi inafunikwa na kumwagiwa maji siku kadhaa ili isikauke haraka. Kwenye sehemu iliyobaki, nafasi zinajazwa kwa mchanga mkali uliofagiwa ndani, ao kwa udongo kidogo unaobeba nyasi fupi.

Kuna sababu nyingine ya kuacha nafasi wazi, na hiyo inagusa jirani. Goma haina mto unaopita ndani ya mji. Maji ya mvua yanategemea nyufa za mwamba ili yapotee. Kila kiwanja kinachofunikwa chote kwa saruji kinatupa maji yake yote nje, na yanamfikia aliye chini. Magomvi mengi ya ukuta kwa ukuta yanaanzia hapo. Njia yenye nafasi za mchanga inakunywa sehemu ya mvua mahali inapoangukia, na mfereji mdogo wa mawe kando yake unapeleka iliyobaki kwenye ndizi ao kwenye shimo lililojazwa mawe.

Kuhesabu kabla ya kununua

Hasara kubwa inatokea siku ya kuagiza mawe. Mfano ni njia ya mita 15 yenye upana wa mita 1,20. Eneo lake ni mita mraba 18. Kwa unene wa sentimita 8, mawe yanajaza mita za ujazo 1,44. Lakini mawe yaliyorundikwa yana hewa nyingi kati yake, na mengine yatavunjika ao kukataliwa. Rundo la kuagiza ni karibu mita za ujazo 2 na nusu. Changarawe ya sentimita 10 ni mita za ujazo 1,8, na kwa kuwa inapungua ikishindiliwa, inafaa kuagiza 2,2. Mchanga wa sentimita 4 ni mita za ujazo 0,72.

Mwenye hesabu hizo mkononi anaweza kuzungumza bei na mwenye lori, ao kugawa mzigo kwa siku nyingi kupitia watu wa chukudu, baiskeli ya mbao ambayo Goma imeijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Asiye nazo analipa kwa macho, na macho ya mnunuzi na ya muuzaji hayalingani.

Hata jiwe lina sheria yake. Nchini Congo, mawe ya kujengea yanahesabiwa kama mali ya machimbo katika sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018. Nayo hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925 na kuandikwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1979, inaanzia si mbali na mji: mawe yake hayatolewi.

Bukavu, Uvira, Butembo: udongo mwingine, kazi ingine

Kinachofaulu Goma hakifaulu kila pahali. Bukavu imekaa kwenye vilima vya udongo mwekundu unaoshika maji na kuteleza. Huko kuchimba sentimita 20 hakutoshi, mafundi wanafika 25 ao 30 na kuongeza changarawe. Mfereji unawekwa upande wa juu wa njia, ili maji ya mlima yakamatwe kabla ya kuingia chini ya mawe. Njia haishuki moja kwa moja, inapinda kushoto na kulia, kwani njia iliyonyooka kwenye mteremko inageuka korongo. Wakaaji wa Kivu ya Kusini hawahitaji kukumbushwa nguvu ya maji: mwanzoni mwa Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, katika eneo la Kalehe, yaliua zaidi ya watu 400. Njia ya bustani haizuii msiba wa namna hiyo, lakini njia mbaya inaweza kuanzisha ufa ambao mvua zinazofuata zitaupanua.

Uvira, kati ya milima na ziwa Tanganyika, kuna mawe ya mto yaliyoviringika. Yanapendeza, lakini kuyatembelea ni shida: kifundo cha mguu kinapinda juu ya jiwe la mviringo. Yanafaa kingo za njia, mifereji, na tabaka la chini. Yakilazimika kukanyagwa, yanazamishwa theluthi mbili ndani ya mchanganyiko wa saruji, yamebanana, upande bapa juu. Na kuyaokota kwenye kingo za mto Mulongwe, ambao ulifurika vibaya Aprili 2020, ni kuondoa ukuta unaolinda mitaa. Jiwe lililo kwenye ukingo wa mto linafanya kazi tayari.

Butembo na Beni, pale ambapo matofali ya udongo ni mengi kuliko mawe, njia iliyochanganyika inafaa: mawe kwenye kingo na kwenye ngazi, changarawe iliyoshindiliwa katikati. Inahitaji kuongezwa changarawe mara kwa mara, lakini bei yake ni ndogo.

Macho, mikono na pumzi

Njia nzuri isitoke kwenye mwili wa mtu mwingine. Kuvunja jiwe la volkano kunarusha vipande vyenye ncha kama chupa, na jicho lililopigwa halirudi. Miwani ya kazi, hata ile ya bei ndogo ya mashine za kukata vyuma, pamoja na viatu vilivyofungwa na kitambaa puani, vinagharimu kidogo kuliko safari moja ya hospitali. Watoto wasikae karibu na anayevunja. Mwenye kiwanja anayeleta mafundi bila kuuliza juu ya vifaa hivyo anakuwa na sehemu ya mzigo siku ajali inapotokea.

Kwenye kando za ziwa Kivu, hasa magharibi mwa Goma, kuna hatari isiyoonekana: mazuku. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayolala kwenye mashimo na mabonde. Haina rangi, na imeshaua watu na mifugo. Shimo la sentimita 20 katika kiwanja cha juu halileti shaka. Lakini kiwanja chenye bonde, pango ao shimo la zamani, hasa pale ambapo wadudu ao ndege wanakutwa wamekufa, si pa kushuka alfajiri wala wakati hakuna upepo. Njia ipitishwe juu. Mtu akianguka ndani ya bonde la namna hiyo, kumfuata bila hewa ya msaada ni kuongeza maiti wa pili. Mafundi wageni waambiwe na wenyeji, na Kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma, OVG, ndicho chenye ujuzi wa maeneo hayo.

Baada ya mvua ya kwanza

Njia mpya inakaguliwa mara tu baada ya mvua ya kwanza kubwa. Pale maji yanaposimama, jiwe linainuliwa siku hiyo hiyo, wakati kosa bado linaonekana. Mchanga wa kwenye nafasi utakuwa umeshuka, unafagiwa mwingine. Baada ya hapo, mara mbili kwa mwaka zinatosha: mwanzo wa mvua za Septemba na mwisho wa mvua, mwezi wa Mei.

Ukungu wa kijani unaondolewa kwa brashi ngumu na maji, bila mafuta ya gari wala dawa kali ambazo zitaishia kwenye mboga. Mimea ya kingo, kama mchaichai, inakatwa isifunike mawe, kwani jiwe lisiloonekana ni pahali pa nyoka na pa kujikwaa. Mizizi ya mti ikiinua jiwe, njia inapindishwa kidogo na mti unaachwa. Jiwe linahamishwa kwa dakika chache, mti umedai miaka.

Kwa familia isiyo na uwezo wa kufanya yote mara moja, kazi inaweza kugawanywa. Mita tano za kwanza ziwe mbele ya jikoni ao kwenye njia ya sitene, pale ambapo watu wanapita mara nyingi wakiwa wamebeba, na pale mzee anapoteleza. Lango na mapambo yake vinaweza kungoja msimu wa kiangazi unaofuata.